Kuchimba dawa: historia fupi ya choo cha njiani

Mwenzenu nilipotea, mnisamehe. Tangu mitihani iishe nilikuwa nyumbani Ilemba, kule bondeni Rukwa, nasaidia kazi za nyumbani na kula samaki wa ziwani. Nimerudi chuo Jumapili. Bumu halijaingia, chumba kina vumbi, na desa za muhula uliopita bado ziko chini ya kitanda palepale nilipoziacha. Basi nimesema kabla vipindi havijachanganya niandike hili jambo, maana nimelala nalo siku nne na halitaki kutoka.

Jambo lenyewe ni choo. Msicheke. Au chekeni sasa hivi tumalizane, halafu tuendelee.

Wengi mnajua kwamba darasani nakaa kiti cha karibu na mlango. Mmoja wenu aliwahi kusema nakaa pale ili nitoroke kipindi. Leo nawaambia sababu. Nina ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Si amiba, si taifodi, si chipsi mayai za getini. Ni ugonjwa wa kudumu: kinga ya mwili, ile inayotakiwa kupigana na vijidudu, inageuka inaushambulia utumbo wenyewe. Utumbo unavimba, unafanya vidonda, unatoa damu. Una ndugu yake, ugonjwa wa Crohn, ambao unaweza kushika popote kuanzia mdomoni mpaka njia ya haja kubwa. Hauambukizi, kwa hiyo mliokunywa maji kwenye kikombe changu mtulie. Kuna miezi unalala kabisa mpaka nasahau kama ninao, halafu unaamka. Ukiamka, haja haibishi hodi. Kwako wewe kubanwa ni taarifa. Kwangu mimi ni amri, na nina dakika mbili tatu za kuitii.

Sasa safari. Kutoka Ilemba tunapanda ukingo wa Lyamba lya Mfipa kwa barabara ya Kalambazite, mpaka juu kwenye lami inayotoka Sumbawanga kwenda Tunduma. Mimi nikifika juu naenda kwanza Sumbawanga mjini, nalala kwa shangazi, ndipo nashika basi la Dar. Ni zaidi ya kilomita 1,100. Siku moja kabla sigusi maharage wala kitu chochote kizito. Siku ya safari nakunywa nusu kikombe cha chai ya rangi, basi. Mama ananifungia kanga mbili kwenye begi la mkononi. Hasemi za nini na mimi siulizi.

Safari hii tulisimama kwenye stendi moja ambayo sitaitaja. Konda akatangaza dakika kumi. Nikashuka wa kwanza, mbio, nikafika kwenye choo. Mlangoni kuna meza, mama mmoja kakaa na bakuli la chenji.

"Mia tatu."

Mkononi nina noti ya elfu kumi. Sarafu zangu zote niliziacha kwenye begi ndani ya basi, kosa la mwaka.

"Shikamoo mama. Naomba niingie, nitalipa nikitoka. Mimi ni mgonjwa."

"Marahaba. Kila mtu anasema mgonjwa. Chenji sina, mwanangu, katafute chenji kwanza."

Kati yangu na mlango wa choo kulikuwa na hatua nne. Sikuzimaliza.

Sitaeleza zaidi, mmeelewa. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi pembeni aliweka sinia lake chini, akavua kanga yake begani akanifunga kiunoni, akatupa mia tatu kwenye bakuli, akanishika mkono tukaingia. Akaleta ndoo ya maji. "Pole mwanangu, oga taratibu, basi haliendi." Na kweli aliporudi nje nilimsikia akigombana na konda. Nilipopanda konda alikuwa amefungua mdomo aniseme, akanitazama, akaufunga.

Yule mama wa mezani simlaumu sana. Bakuli lile si lake, ni la mtu aliyechukua tenda ya choo, na jioni hela zinahesabiwa. Lakini saa zote zilizobaki mpaka Dar nilikuwa najiuliza swali la mwanafunzi wa historia: imekuwaje? Maana nimetoka kijiji ambacho kila nyumba ninayoijua ina choo cha shimo. Imekuwaje nchi ambayo watu wake walichimba vyoo kwa kampeni mpaka dunia ikaja kujifunza, ikawa ukitoka tu nje ya uzio wa nyumba yako huna pa kwenda?

Hiyo kampeni naijua kwa bibi yangu mzaa mama. Mwaka 1973 alikuwa na mtoto mmoja mgongoni. Wakati huo kwetu kulikuwa bado Mkoa wa Mbeya, maana Rukwa ilizaliwa 1974. Anasema walikuwa wanakaa chini ya mwembe, redio katikati, wanasikiliza Radio Tanzania. Kipindi kikiisha kiongozi wa kikundi anafungua kitabu anasoma kwa sauti, wanajadiliana, kisha wanaazimia la kufanya kabla ya wiki inayofuata. Hiyo ndiyo ilikuwa Mtu ni Afya. Somo lilikuwa malaria, minyoo, kichocho, kuhara damu, na maazimio mengi yaliishia kwenye jembe na sululu: chimba choo. Bibi anasema wanaume walichimba, wanawake walibeba nguzo na udongo, na asiye na choo alisemwa mkutanoni mpaka anaona haya kupita njiani.

Nilipofika chuo nikakuta bibi yangu yumo kwenye vitabu! Si jina lake, lakini yumo. Kampeni ile ilifikia watu kama milioni 2 katika vikundi zaidi ya 70,000 nchi nzima, na inakadiriwa vyoo kama 750,000 vilichimbwa. Wataalamu wa elimu ya watu wazima duniani wanaitaja mpaka leo. Nilipomsomea bibi hesabu hizo alisema, "Na changu wamekihesabu?" Nikamwambia kimo, bibi.

Mwaka huohuo, Novemba 6, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni lazima, na mpaka 1976 mamilioni walikuwa wamehamishwa. Kuna watu waliochimba choo 1973, mwaka uliofuata wakakiacha na kuanza shimo jipya mahali walipopelekwa. Kisha kikaja kipindupindu. Kiliingia nchini 1974, na 1977 na 1978 kikasambaa vibaya. Tangu hapo choo kimekuwa neno la vita. Kila kipindupindu kinapozuka, kama kile kilichoanzia Dar Agosti 2015 kikaenda mikoa mingi, mabwana afya wanapita nyumba kwa nyumba na daftari. Ilikuja Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, ikaja Kampeni ya Taifa ya Usafi wa Mazingira kuanzia 2012, ikaja Nyumba ni Choo ya 2017 ambayo wengi mnaikumbuka kwa sauti ya Mrisho Mpoto.

Sasa tazameni hilo jina vizuri. Nyumba ni Choo. Ni jina zuri na kazi iliyofanyika ni kubwa, sitaki mtu anielewe vibaya. Watoto wengi wako hai kwa sababu ya mashimo yale. Lakini daftari la bwana afya tangu 1973 limekuwa na swali moja: je, kaya ina choo? Abiria hana kaya. Muuza ndizi akiwa stendi hana kaya. Mimi nikiwa kiti namba 14 sina kaya. Si kwamba barabara imesahaulika kabisa, mipango ya miaka ya karibuni imezitaja stendi na barabara kuu. Ila ilitajwa mwisho, na kitu kinachotajwa mwisho aghalabu kinapewa mtu mwenye tenda, meza na bakuli.

Ndiyo maana tuna "kuchimba dawa". Kwa rafiki zangu wasiopanda mabasi ya mikoani: dereva anasimama porini, konda anasema "jamani, dakika tano kuchimba dawa", wanaume kulia, wanawake kushoto. Waliolitunga neno walikuwa na adabu, kana kwamba wote tumekuwa waganga tunatafuta mizizi. (Mimi nina tatizo la ziada. Mtu wa Sumbawanga akisema anaingia porini kuchimba dawa, abiria wenzake wanaangaliana.) Mara kadhaa viongozi wamepiga marufuku, kwa sababu za afya na heshima, na wana hoja. Kinyesi kando ya barabara ndicho kilekile kinachorudi mtoni. Lakini marufuku haijengi choo. Na kwa mwanamke dawa haichimbwi kirahisi. Unatafuta kichaka, unatafuta mwenzio akushikie kanga, unaogopa nyoka, unaogopa kuachwa. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, na usiku kuna sitara ya giza lakini kuna hofu nyingine, dada zangu mnaijua.

Kuna kipande kimoja ambacho hata hiyo dawa haichimbwi. Ni Mikumi. Barabara inapita katikati ya hifadhi kama kilomita 50, na hapo hushuki, kuna simba na tembo. Abiria wenzangu wanaamshana kuangalia twiga. Mimi nafumba macho nahesabu. Nimepita Mikumi mara nyingi tangu nianze chuo na sijawahi kumwona twiga hata mmoja.

Je, watu wa zamani walifanyaje? Hili nililichimba maktaba. Bara, msafiri alitumia pori, hilo halina mjadala. Lakini pwani kulikuwa na jambo jingine. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, yana vyoo vya shimo ndani ya nyumba za mawe, na misikiti yake ilikuwa na kisima na birika la maji ya udhu. Ukifikiri vizuri, msikiti ndio mahali pa kwanza katika nchi zetu za Waswahili ambapo mgeni asiyejulikana na mtu aliweza kukuta maji ya kujisafishia bila kuulizwa wewe wa nani. Na desturi haijafa. Mimi Mkatoliki wa Ufipa nawaambia, katika barabara hii ninajua misikiti mitatu ambayo nikifika nimejitanda kanga na kusalimia vizuri, naonyeshwa choo cha wanawake na birika la maji, na hakuna aliyewahi kuniomba mia tatu. Kisha kuna sheli. Baadhi zina choo safi na kijana wa pampu anakuelekeza kwa kidole, nyingine ukiuliza unaambiwa ufunguo amekwenda nao meneja.

Halafu kuna treni. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, ilijengwa na Wachina pamoja na watu wetu na Wazambia kuanzia 1970, ikakabidhiwa 1976. Vitabu vyote vinasema ilijengwa kwa ajili ya shaba ya Zambia na ukombozi wa kusini, na ni kweli. Hakuna kitabu kinachosema kwamba kwa mtu mwenye tumbo kama langu ukombozi wa treni ni kwamba ina choo ndani. Mwaka wa kwanza niliipanda mara moja kutoka Mbeya. Ilikuwa polepole mno, ilichelewa, na nilifika nimechoka. Lakini nililala. Ni safari pekee ya mbali niliyowahi kulala, kwa sababu choo kilikuwa kinasafiri na mimi.

Sasa swali la pili, ambalo ni gumu zaidi. Kwa nini hakuna aliyetufikiria sisi wa tumbo hili? Jibu liko kwenye historia ya ugonjwa wenyewe.

Zamani kila kuhara damu kulikuwa kitu kimoja. Mwaka 1859 daktari wa London, Samuel Wilks, aliandika habari za mgonjwa aliyekufa kwa vidonda vya utumbo mpana visivyofanana na kuhara damu kwa kawaida. Amiba ilionekana kwa darubini 1875, na bakteria wa kuhara damu akatambuliwa na Mjapani Kiyoshi Shiga mwishoni mwa miaka ya 1890. Hapo ndipo ilipowezekana kusema: huyu ana amiba, huyu ana bakteria, na huyu hana kimoja kati ya hivyo lakini anatoka damu. Sisi ni hao wa mwisho, mabaki ya hesabu. Mwaka 1932 Burrill Crohn na wenzake wawili wa New York wakaandika kuhusu ugonjwa ule mwingine. Dawa ya sulfasalazini ilianza Sweden kwa Nanna Svartz kwenye miaka ya mwisho ya 1930 na mwanzo wa 1940, na mwaka 1955 Waingereza wakaonyesha kwa majaribio kwamba kotisoni inasaidia ugonjwa ukiwaka. Mwaka 1956 rais wa Marekani, Dwight Eisenhower, akapasuliwa tumbo kwa ugonjwa wa Crohn, magazeti ya dunia nzima yakaandika habari za utumbo wa rais.

Mwaka huohuo wa 1956, Karema kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, alifariki Dk. Adrian Atiman. Watu wa kwetu mnamjua, hospitali pale Sumbawanga ina jina lake. Alikuwa mtoto aliyeibwa utumwani Afrika Magharibi, akakombolewa na mapadre, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 akatibu watu zaidi ya nusu karne. Nawaza ni wangapi walimjia wakitoka damu. Asingeweza kuwaona ndani. Hata Ulaya kamera ya kuingia utumbo mpana wote ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960. Eisenhower alipata jina la ugonjwa wake. Mtu wa Ufipa mwenye ugonjwa uleule angepata jina la amiba, au jina la jirani yake.

Halafu akaja Denis Burkitt. Huyu alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini, alifanya kazi Uganda tangu 1946, kwanza Lira kisha Mulago, na ni yule ambaye saratani ya watoto ya taya ina jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka Afrika Mashariki na Kusini kwa gari, maelfu ya maili, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Baadaye akahamia kwenye utumbo. Aliwaandikia madaktari wa hospitali za misheni, alipima hata uzito wa kinyesi cha wanavijiji na muda chakula kinaochukua kupita tumboni. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliandika kwamba sisi tunaokula ugali wa dona, maharage na mboga tunapata choo kikubwa na haraka, na kwamba magonjwa mengi ya utumbo ya Ulaya, vidonda vya utumbo mpana vikiwemo, ni nadra kwetu. Mwaka 1981 yeye na Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda, walihariri kitabu kizima juu ya walichokiita magonjwa ya nchi za Magharibi.

Sitaki kumsema vibaya. Alisifia chakula cha bibi yangu wakati wengine walikuwa wanakidharau, na inawezekana kabisa kwamba wakati ule wagonjwa walikuwa wachache kweli. Lakini "nadra" ni neno la hatari likikaa muda mrefu. Daktari akifundishwa kwamba kitu ni nadra, hakitafuti. Asipokitafuta, hakioni. Asipokiona, anaandika tena kwamba ni nadra. Na kipimo chenyewe kiko mbali na ghali. Leo wagonjwa wanaripotiwa katika hospitali kubwa za miji ya Afrika, ila bado kijijini ukitoka damu jibu la kwanza ni amiba, na mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Ndiyo maana jibu la pili linachelewa.

Langu lilichelewa miaka miwili. Nilikuwa sekondari. Nilimeza dozi ya amiba mara nne, ya taifodi mara mbili. Nikakonda mpaka sketi ikashikwa kwa pini. Majirani wakasema nimetupiwa kitu, na si mnajua tena, wenyewe wanasema hata jina Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi. Mjomba akataka nipelekwe kwa mtaalamu. Mama akakataa, akauza mbuzi, tukaenda hospitali ya mbali ambako waliniingiza kamera. Daktari alipotaja jina la ugonjwa mama alilia kwa furaha. Daktari akashangaa, akamwambia mama, huu hauponi. Mama akajibu, "Najua baba, lakini sasa una jina."

Kwa hiyo mnaona historia mbili zinavyokutana kwenye ile meza ya stendi. Ya kwanza inasema choo ni cha nyumba. Ya pili inasema ugonjwa huu si wa huku. Mama wa bakuli alikuwa amekaa juu ya historia zote mbili bila kujua, na mimi nimesimama mbele yake na noti ya elfu kumi.

Wenzetu nako hawakuanza vizuri, msidhani. Choo cha kulipia maarufu cha kwanza kilikuwa London kwenye Maonyesho Makubwa ya 1851. Fundi George Jennings aliweka vyoo, zaidi ya watu 800,000 wakalipa peni moja moja. Kwa hiyo bakuli la chenji lina miaka zaidi ya 170. Lakini 1981 Uingereza ilianza mpango wa ufunguo mmoja unaofungua maelfu ya vyoo vya watu wenye ulemavu nchi nzima, na wagonjwa wa utumbo wanaruhusiwa kuwa nao. Marekani, msichana wa miaka 14 mwenye ugonjwa wa Crohn alinyimwa choo cha wafanyakazi dukani, akajichafua mbele za watu kama mimi. Yeye na mama yake wakamfuata mwakilishi wao, na 2005 jimbo la Illinois likapitisha sheria inayoitwa Ally's Law: mgonjwa wa aina hii akiomba choo cha wafanyakazi dukani, asinyimwe. Majimbo mengine yakafuata. Na Julai 28, 2010, Umoja wa Mataifa ulitamka kwamba maji na usafi wa mazingira ni haki ya binadamu. Haki, wadau. Na haki haiulizi kwanza kama una chenji.

Kuhusu hela, fanyeni hesabu na mimi. Ugonjwa ukiwaka naenda choo mara 10 kwa siku. Nikishinda mjini, mara 10 kwa mia tatu ni 3,000. Hiyo ni sahani ya wali maharage na nauli ya kurudi. Kwa hiyo ugonjwa ukiwaka siendi mjini, hata kufuata fomu, hata kumwona rafiki. Ndivyo choo kinavyokufunga bila kufuli.

Sasa nina daftari. Nimechora barabara kutoka Sumbawanga mpaka Dar, na pembeni naandika: msikiti, maji yapo, sheli, ufunguo kwa kijana wa pampu, mgahawa, bure ukinunua soda, hapa pori tupu, hapa simba. Bibi alikuwa na kitabu cha Mtu ni Afya, mimi nina hiki. Na usiku wa juzi nimeandika kikaratasi, nimekifunika kwa nailoni: "Nina ugonjwa wa utumbo usioambukiza. Siwezi kusubiri. Tafadhali niruhusu, nitalipa nikitoka." Pamoja na sarafu tatu za mia zimeshonwa kwenye mfuko wa sketi. Sarafu nazo zitakuwa zinasafiri na mimi.

Nanyi nawaomba vitu vidogo tu. Siku basi limesimama na mtu anamwambia konda "naomba nishuke", msicheke na msipige kelele kwamba anatuchelewesha. Mkiwa na chenji mlangoni pa choo na mtu mbele yenu hana, mlipieni. Yule mama wa ndizi hakusoma chuo chochote na alijua. Na wale wenye vyeo kwenye serikali ya wanafunzi, vile vyoo vinavyofungwa kwa kufuli kwa sababu ni vya wageni wa heshima, naomba tuvizungumzie muhula huu. Siombi vivunjwe. Naomba ufunguo ukae mahali panapojulikana.

Haya, nimemaliza. Moyo umekuwa mwepesi kidogo. Kesho saa moja asubuhi tuna kipindi. Nitakaa kiti kilekile cha mlangoni, na mkiwahi kufika kabla yangu, naomba mniachie.

Mbaki salama.